Jina la Winifred Pascoe

Saa kumi kamili alasiri, katika maabara moja kaskazini mwa Uingereza, mwaka ambao sukari ilikuwa bado ya mgao, Winifred Pascoe aliondoa jicho kwenye hadubini akamimina vikombe viwili vya chai. Kimoja chake, cha pili cha neutroni.

"Shoga, mgeni wako vijiko vitatu vya sukari?" Doreen, mwenzake wa kazi, aliuliza kutoka hadubini ya pili. "Ijumaa tutakunywa nini?"

"Mwache. Ana robo saa tu ya kuishi."

Ilikuwa kweli. Neutroni akitulia ndani ya kiini cha atomu hukaa miaka na miaka; akitoka peke yake, hafiki mbali. Isitoshe, hana chaji ya umeme. Wenzake wenye chaji huchora michirizi kwenye mabamba ya picha ya kioo, yaliyoachwa milimani kunasa miale ya angani. Yeye hupita asiache hata alama.

"Nimepita humo mara elfu," alisema neutroni akikoroga chai. "Nani anajua?"

Juzi Winifred alikuwa ameona mchirizi wa chembe mpya, nzito kuliko elektroni, nyepesi kuliko protoni. Kwa desturi ya chumba kile aliuzungushia duara la wino, akatia W.P. pembeni. Dakta Hargreave, mkuu wa maabara, aliahidi kwamba jina la Winifred litakuwamo kwenye makala ya ugunduzi huo. Alilitaka hilo kuliko nyongeza ya mshahara, na mama yake alishawatangazia majirani.

Robo saa ilipotimia, neutroni alivunjika kwa adabu, bila kumwaga chai. Walibaki protoni mnene kitini na elektroni mwenye kiherehere, ambaye ukijua alipo hujui anakimbilia wapi. Wa tatu, mdogo mno, alipenya ukutani bila kuaga.

"Dada, wino hufutika," alisema protoni. "Tuachie sisi." Wakaingia kwenye bamba.

Kesho yake, chini ya mchirizi ule palisomeka Winifred Pascoe, kwa michirizi ya mwandiko wa kulala.

Dakta Hargreave aliinamia hadubini kwa muda mrefu.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Tukishapiga picha, bibie, niletee mkasi. Itakuwa ndefu mno kwa ukurasa."

Makala ilitoka Mei ikiwa na majina manne, likiwamo la bwana aliyekuwa likizo. Mwishoni iliandikwa: tunawashukuru wasichana wa hadubini kwa uvumilivu wao. Tangu siku hiyo jina la Winifred lilitokea kwenye kila bamba, na Dakta akakiandikia kiwanda barua ya kulalamikia ubovu wa mabamba.

Winifred alisoma makala mara mbili. Ilimuuma, akalia kidogo, akafuta lenzi.

Saa kumi alifika neutroni mwingine, asiyetofautiana na yule wa kwanza hata kwa unywele.

"Samahani, dada," alisema akiketi, "wewe ni nani?"

"Msichana wa hadubini."

Doreen alinyanyuka, akawasogezea bakuli zima la sukari.