Kisanduku cha Tisa Kimehama

Maji yalishaanza kuteremka kutoka mlimani, na kijana Kobe alikuwa bado ndani ya mfereji, anasafisha chujio. Dada yake aliyaona kwenye kompyuta ya ofisini: zimebaki dakika kumi na mbili.

Simu hazishiki kule bondeni. Kuna visanduku vya redio tu, vimefungwa juu ya nguzo, na kila kimoja humpa ujumbe jirani aliye karibu zaidi na anayetumiwa. Kobe alikuwa na chake kiunoni, karibu na nguzo ya kumi.

Dada akaandika: "Toka mferejini." Ujumbe ukapita cha tatu, cha sita, cha tisa. Hapo ukaganda.

"Cha tisa hakikisikii cha kumi," alisema.

Msimamizi wa ofisi, aliyeketi kando yake, akaweka kikombe chini. "Havisikiani vipi? Si viko kama pua na mdomo?"

Dada alijaribu tena. Ukaganda palepale. Dakika nane. Ndipo akakumbuka maneno ya Kobe, juma lililopita, akinawa matope uani.

"Dada, ndege katagia nguzo ya tisa. Kisanduku nimekihamishia kwa yule bibi ng'ambo ya korongo. Makinda yakiruka nitakirudisha."

"Wewe na huruma zako. Kesho utamtandikia panya kitanda."

Walicheka, wakasahau. Mahali pa kila kisanduku huandikwa kwa mkono kwenye kompyuta. Kisanduku kilihama, anwani ikabaki nguzoni, na vingine bado vilidhani kiko pale.

"Nyumba ya bibi wa korongoni iko wapi?" aliuliza.

Msimamizi alipajua. Aliwahi kupewa maji ya kunywa pale. Akaweka kidole kwenye ramani ya ukutani, akasoma namba za mahali hapo polepole, asikosee. Dada akaziandika, akatuma upya.

Dakika nne. Ujumbe ulifika cha sita, ukakosa jirani wa mbele, ukarudi cha tano.

"Unarudi nyuma," alisema.

"Uache, mama. Unatafuta pa kuzungukia."

Cha saba. Cha nane. Cha kumi. Kisha kimya, na dakika mbili, na moja. Msimamizi alikuwa amemshika bega bila kujua.

Jibu likaja kwa njia ileile ndefu: "Nimetoka. Viatu vimekwenda na maji."

Dada alijifuta macho kwa kiganja. Alikuwa na mengi ya kumgombeza. Akaandika: "Siku utakayokirudisha kisanduku, niambie kwanza. Makinda yana hali gani?"