Aliyebeba Shina

Jumamosi, baada ya kufua, kitindamimba aliwasha printa juu ya meza ya kulia na kupanga karatasi ngumu. Kila Desemba yeye ndiye hutengeneza kadi za Krismasi za familia: hununua mchoro mtandaoni, wa mistari mitupu, akauchapa, akaupaka rangi za penseli na kuukata kwa mkono. Mwaka huu alichagua watoto wanne waliobeba mti wa Krismasi begani. Wanne kama wao: kaka mwalimu mkuu, kaka daktari wa meno, dada wakili na yeye muuguzi.

Karatasi ya kwanza ilitoka na watoto watano.

Wa tano alikuwa msichana mkubwa kuwazidi, miguu mitupu, ameshika shina, upande mzito. Kwenye kompyuta walikuwa wanne. Akachapa tena. Watano, ila msichana alikuwa amehamishia shina bega la kushoto, bila shaka la kulia limechoka. Kitindamimba akaazima miwani ya mama, akaliona kovu la moto kidevuni. Alikuwa dada mkubwa, aliyeachishwa shule darasa la sita awalee wadogo zake. Siku hizi anafua mashuka hospitalini. Watu wakiuliza, mama husema ana watoto wanne waliosoma, na maswali huishia hapo.

Kaka mwalimu mkuu aliitwa, akawahesabu kwa ncha ya kalamu kama wanafunzi mstarini.

"Watano," alisema. "Mfute huyo."

"Kwenye kompyuta hayumo, kaka."

"Basi mkate."

Mkasi ulipopita, mti ulianguka. Wale wanne wakabaki wameketi chini, mti mapajani, wanatazamana.

"Hii hatuwezi kumpelekea mtu," kaka alisema. "Mwache tu. Nani atamjua?"

Mama alikuwa akikunja nguo. "Mpake rangi nzuri," alisema bila kuinua macho. "Hatukuwahi kumnunulia gauni la sikukuu."

Kitindamimba alimpaka gauni jekundu lenye kola nyeupe, na kwa kila kadi alitaka kujua msichana anafanya nini. Kwenye ya tisa alikuwa akifuta jasho. Kwenye ya kumi na nne alikuwa amechuchumaa kumfunga mdogo wao kamba za kiatu, shina kalishikilia kwa mkono mmoja. Ndani ya kadi wakatia saini wanne.

Siku mbili kabla ya Krismasi dada mkubwa alifika na mfuko wake, kupika kama kawaida. Akaiokota kadi ya mwisho mezani.

"Ni mimi huyu," alisema. "Gauni limenikaa."

"Limekukaa kweli, dada."

"Nipe moja nikabandike ukutani kwangu."

Kitindamimba akaipitia orodha ya mama jina kwa jina: mashangazi, mchungaji, fundi bomba, hata mwenye duka la kona. Dada hakuwamo, wala hajawahi kuwamo. Aibu ikamshika, akashindwa kumtazama. Ile kadi ya mwisho ilikuwa ya jirani, na bahasha ilishaandikwa.

"Zimekwisha, dada. Mwakani."

"Haya." Dada mkubwa akaitia kadi kwenye bahasha ya jirani, akalamba gundi, akaibana vizuri kwa kidole gumba. "Mmekula lakini?"