Jina la Arobaini

"Fumua hilo jina, mama," alisema afisa wa sherehe, kidole chake kikigonga mstari wa mwisho wa kitambaa.

"Sifumui."

Mama Pindo aliendelea kuokota nyuzi magotini mwake. Jina hilo la Pindo alipewa na mafundi wenzake, maana pindo lake lilidumu hata suruali yenyewe ikiisha. Miaka kumi na tisa ameshona sare za jeshi katika karakana ile. Juzi aliletewa kazi tofauti: kitambaa kirefu cheusi, adarizi kwa uzi mweupe majina ya askari waliofariki, kitundikwe uwanjani siku ya kuwaenzi mama zao. Siku yenyewe ndiyo hii. Orodha ilikuwa na majina thelathini na tisa, na yeye akadarizi arobaini. La arobaini lilikuwa la kitindamimba wake.

"Mwanao hakufa vitani," afisa alisema. "Lori la mazoezi lilipinduka. Utaratibu ni utaratibu."

"Lori la nani, la baba yake? Alikuwa anapeleka mbuzi sokoni?"

Mafundi waliangua kicheko, cherehani zikasimama. Afisa akaona haya. Akachukua wembe mezani, akajaribu kufumua mwenyewe. Wapi! Mama Pindo alikuwa amepita pale mara tatu kwa mshono mdogomdogo, ule wa makalio ya suruali za makuruta, ambao ukiachia ni aibu ya jeshi zima. Kufumua ni kuchana kitambaa chote, na sherehe ilikuwa saa nane.

"Haya, kitundikwe hivyohivyo," afisa alifoka. "Ila mimi nitasoma orodha yangu. Na kiti hupati."

"Miguu ninayo."

Saa nane mama wa marehemu walikuwa wameketi safu za mbele. Jina likitajwa, mama anasimama, anapigiwa saluti, anaketi. Mama Pindo alijisimamia mwisho wa safu. Mwanamke mmoja akasogea ampishe nusu ya kiti chake.

"Ahsante, dada. Sikai bado."

Jua likamchoma utosini. Jina la kumi, la ishirini, la thelathini. Magoti yalimuuma mpaka akauma meno, lakini hakuegemea kitu. Jina la thelathini na tisa lilikuwa la kijana wa yule mwanamke aliyempisha. Saluti ikapigwa, na afisa, kitambaa kikining'inia nyuma yake, akakunja karatasi yake.

"Tumemaliza, mama. Keti."

"Hamjamaliza. Amebaki mmoja, yuko nyuma ya mgongo wako."

"Mama, tafadhali, watu wanatazama."

"Waache watazame! Mlipokuja kumchukua pia walitazama. Nilimshonea sare mimi, na ndani ya sare hiyohiyo mkanirudishia maiti."

Yule mwanamke hakuketi. Akamshika Mama Pindo mkono. Aliyefuata akainuka, na mwingine, mpaka safu zote zikawa zimesimama. Bendi ilikuwa imeinua tarumbeta, ikazishusha.

Afisa alitazama safu zile, akatazama karatasi yake. Kisha akageuka, akakisogelea kitambaa, akasoma jina la arobaini kwa sauti ileile aliyosomea mengine. Akamgeukia Mama Pindo, akapiga saluti.

Ndipo Mama Pindo akakaa kwenye ile nusu ya kiti, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe.