Mnato wa Sifuri Nukta Tatu

Siku mtafiti alipoingiza mnato katika modeli yake ya nyota mbili za nyutroni zinazogongana na kuwa moja, chai ilikataa kutoka kwenye chupa. Aliinamisha chupa, akangoja, ikashuka kivivu kama asali. Hewa ya ofisini nayo ilikuwa imekuwa nzito. Mama wa usafi alipita akiipasua kwa bega, akauliza, "Leo mmechanganya nini tena?" Swali lilimfikia mtafiti mwenye kuuliza akiwa ameshashuka ngazi.

Mnato wenyewe ulikuwa namba moja tu kwenye kompyuta: sifuri nukta tatu. Aliyeichagua ni Profesa, mkuu wake. Kwa namba hiyo, pete ya maada inayobaki nyota zikishaungana ilimwaga vitu vingi angani, na mimenyuko ya nyuklia ikavigeuza kuwa dhahabu, kiasi kilekile ambacho Profesa alikuwa ameshawatangazia wafadhili. Vumbi la dhahabu liliangukia kibodi, vikombe na kipara cha Profesa. Mama wa usafi alilifagia akinung'unika kwamba linaharibu mafagio.

Mtafiti alijua namba ya kweli ni ndogo mara kumi. Akaenda kusema.

"Profesa, naomba tuipunguze. Hii tumetia chumvi."

"Ukiipunguza, dhahabu inabaki kiasi gani?"

"Kidogo sana."

"Basi na siku za mkataba wako zitabaki chache hivyohivyo."

Mkataba huo ndio uliomtunza mama yake, aliyepooza mwaka uliopita na asiyeweza hata kujigeuza kitandani. Mtafiti akanywea. Namba ikabaki.

Mnato ukatoka ofisini, ukashika mtaa mzima. Watu walizoea upesi, maana watu huzoea chochote. Mabasi yalijikokota, na wenye maduka walijibu maswali ya jana bila kuomba radhi. Safari ya mtafiti kwenda nyumbani kumgeuza mama, ambayo zamani aliimaliza wakati wa chakula cha mchana, sasa ilimlia nusu siku. Alimkuta mama anatazama ukuta uleule, midomo inacheza, sauti bado iko njiani. Alimgeuza, akampangusa, akarudi kazini. Mgongo wa mama ukaanza kutoka vidonda. Jambo hilo lilimtesa mtafiti vibaya, na hakuwa na wa kumwambia.

Jirani alipiga simu Jumatano, ikaita Alhamisi. Mtafiti alitoka mbio, mbio zenyewe za kusukuma hewa kwa mikono, akafika mama ameshafunikwa shuka. Jirani alimpa pole pale mlangoni. Pole hiyo ilimkuta makaburini, akaipokea.

Makala kuhusu modeli ile ilikubaliwa na jarida. Profesa alipongezwa, akaagiza namba ileile itumike katika kazi inayofuata. Mtafiti alikaa kuiandika. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti ya mama yake ikaingia taratibu, ikitokea nyumbani.

"Mwanangu, uko wapi? Njoo unigeuze. Upande huu unaniuma."

"Nakuja, mama," alijibu, kwa sababu ndivyo mtu anavyomjibu mama yake.

Akaandika sifuri nukta tatu. Sauti iliendelea kuingia mpaka ofisi ikafungwa, kwa kuwa Jumatano ile mama alikuwa ameita kutwa.