Mrija wa Jedidah

Mishipa ya mikono ya binti yangu Jedidah ilikuwa imechoka na sindano, ndiyo maana wakamwekea mrija. Uliingia juu ya kiwiko cha kulia, ukapita ndani kwa ndani mpaka karibu na moyo. Sista Nelius, muuguzi wa wodi ile ya saratani pale Embu, alinieleza kwamba ile dawa yake nyekundu ya saratani ikimwagika nje ya mshipa inachoma nyama. Kwa hiyo haitundikwi mpaka picha ya kifua ionyeshe ncha ya mrija imekaa panapotakiwa.

Picha ilipigwa asubuhi. Daktari akaiangalia, akasema ni sawa. Tukabaki kungoja dawa itoke famasi. Jedidah alikuwa amekosa dozi iliyotangulia kwa sababu ya mishipa hiyo, na tezi za shingo zilikuwa zimeanza kufura tena. Nilizigusa kila nikimpangusa.

Saa ya kuona wagonjwa wakaingia akina mama wa kanisa letu la Ishiara, mbele yao Ciakuthii, kiongozi wetu wa maombi. Kwetu mgonjwa haombewi akiwa amelala tu. Anainuliwa mikono, huyu anashikilia huku na yule kule, mpaka maombi yaishe.

"Polepole na huo mkono," Jedidah alisema.

"Wewe tangu Sande skuli ulikuwa mvivu wa kuinua mikono," Ciakuthii akamwambia. Hata Jedidah akacheka.

Mkono wa kulia niliushika mimi. Tuliomba kwa nguvu, mikono ikipanda na kushuka. Sikufumba macho, siku hizi mtoto huyu simfumbii macho. Nikaona plasta inaachia ukingoni, na kipande cha mrija kilichokuwa kifupi nje ya ngozi kimeongezeka kama upana wa vidole viwili. Damu haikutoka.

Tuliposema amina nikamwonyesha Ciakuthii.

"Mama Jedidah, si picha ilishapita?" alininong'oneza. "Bandika plasta vizuri. Ukiongea wataahirisha dawa, halafu waseme ni maombi yaliharibu. Tutafungiwa mlango wa hii wodi."

Kuahirisha, nilijua kweli wataahirisha. Jedidah alinitazama akatikisa kichwa, nisiseme. Alikuwa anaitaka ile dawa.

Sista Nelius akaja nayo, amevaa glavu. Akainama juu ya plasta, akaikagua.

"Huu mrija umevutwa?"



"Umevutwa," nikasema. "Tulikuwa tunaomba. Mkono nilikuwa nimeushika mimi."

Dawa ikarudishwa. Picha ya pili ikaonyesha ncha imerudi nyuma, haiko tena pale karibu na moyo. Daktari alisema mrija hausukumwi ndani ukishatoka nje, kwa sababu umeshika uchafu. Utolewe, awekewe mwingine. Na mtu wa kuuweka alikuwa ameshaondoka. Atarudi wiki ijayo.

Ciakuthii alikusanya watu wake wakaenda bila kuniaga.

Jedidah alikuwa ameugeukia ukuta. "Mami, ungeninyamazia tu."

"Ingekuchoma."

"Na wiki nzima bila dawa, hiyo itanifanya nini?"

Baadaye nikamwuliza kama tuombe.

"Omba," alisema. "Lakini usinishike."

Nikaiweka mikono yangu mapajani, nikaomba.