Kanga ya Karatasi

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nane Februari, saa nne na nusu asubuhi. Rasharasha ilikuwa ikinyesha ughaibuni, katika mtaa wa Balsall Heath, tangu alfajiri, na baridi ilikuwa ya nyuzi tatu.

Mwanakhamis alirudi kutoka dukani akakuta sebule imejaa moshi. Wifi yake, Asmahan, alikuwa amekifunika king'ora cha moshi kwa kofia ya kuogea. Chetezo kilikuwa sakafuni, makaa yamekolea, udi unafuka. Juu yake, kwenye kianikio cha nguo, ilining'inia kanga ya karatasi.

Ilikuwa kazi ya miezi minne. Kila Alhamisi Mwanakhamis aliwafundisha wanawake kumi wa mtaani kuchora kwa vifaa vya Kijapani: karatasi nyepesi isiyochanika upesi, tepu za karatasi za rangi, kalamu zenye ncha ya brashi. Kanga hii aliitengeneza mwenyewe. Pindo alilibandika kwa tepu nyekundu na nyeusi. Mji, ile sehemu ya katikati, aliujaza madirisha ya nyumba za matofali, kwa wino wa brashi. Saa sita angekuja Neeta, msimamizi wa maonyesho katika ukumbi mmoja wa Kings Heath. Akiikubali, ingetundikwa ukutani mwezi mzima, na darasa lingepewa chumba palepale. Akiikataa, darasa lingekufa, maana chumba walichokuwa wakiazima kilikuwa kimetakiwa na mwenyewe.

"Nimeifukiza," alisema Asmahan. "Mgeni anakuja, karatasi inanuka gundi."

Mwanakhamis alitazama chini ya mji. Pindo lilikuwapo. Madirisha yalikuwapo. Jina la kanga, yale maneno yake, halikuwapo.

Jina alikuwa ameliandika kwa kalamu ya Kijapani ambayo wino wake hufutika kwa joto, kwa sababu kila wiki alibadili maneno. Jana usiku lilisomeka: *Wifi, umekuja kukaa au kukagua?*

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Mjukuu wangu Aida anazo kalamu hizo. Aliacha daftari juu ya hita, asubuhi likawa jeupe kama halijaandikwa. Ulidhani utanitangaza Kings Heath nzima, nami nikupigie makofi?"

"Sikutaja mtu."

"Wifi unao wangapi?"

Alikuwa naye mmoja. Mume wa Mwanakhamis, Mkubwa, alikuwa kaka pekee wa Asmahan, naye alifariki mwaka juzi. Tangu siku hiyo Asmahan alikuja kila Jumamosi kutoka Kingstanding, kwa mabasi mawili, kuhakikisha kwamba vyombo vya kaka yake vipo mahali pake.

"Na nikukumbushe," aliendelea Asmahan. "Meza unayochorea ni ya kaka yangu. Nyumba unayonitukania ni ya kaka yangu."

Mwanakhamis aliiteremsha karatasi kutoka kwenye kianikio. Darasani alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba wino ule hurudi ukigandishwa. Aliikunja karatasi kama mkeka, akaenda jikoni, akafungua friza. Ilijaa sambusa mia mbili, ambazo Asmahan alizihifadhi humo kwa ajili ya Ramadhani.

"Usiziguse."

Alizigusa. Alitoa trei moja baada ya nyingine, akazipanga kando ya jiko.

"Zitayeyuka, we mwanamke!"

"Zifukize," alisema Mwanakhamis, akaitia karatasi ndani, akaufunga mlango.

Asmahan alinyoosha mkono kwenye mlango wa friza. Mwanakhamis aliuegemea kwa mgongo, akakunja mikono. Walisimama hivyo karibu saa nzima, hatua moja baina yao, kila mmoja akimsikia mwenzake akipumua. Asmahan alisema kwamba Mkubwa aliponzwa na upole wake. Mwanakhamis alisema kwamba upole huo haukuwa wa ukoo.

Saa sita kasoro robo kengele ya mlango ililia. Neeta, mzaliwa wa Nairobi, aliingia na mwavuli unaochuruzika, akawatazama.

"Mbona nyumba inanukia harusi, na nyinyi mmenuna kama mko matangani?"

Mwanakhamis aliitoa karatasi, akaikunjua mezani. Jina lilikuwa limerudi, lakini halikurudi peke yake. Alikuwa amesahau kwamba baridi hairudishi neno la mwisho tu. Yote aliyoyaandika na kuyafuta kwa miezi minne yalikuwa pale, mstari juu ya mstari.

Asmahan alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"*Mdomo wako hauna pazia.* Huyo mimi. *Chai umekunywa, sasa nenda.* Mimi tena. *Kagua kwako kwanza.* Mashallah, mimi ni kitabu kizima!"

Kisha akafika kwenye mstari uliofifia kuliko yote, wa kwanza kuandikwa na wa kwanza kufutwa. *Kwangu si kwenu.* Huo hakuusoma kwa sauti. Midomo yake ilitikisika tu.

"Mimi sina shida na matusi," alisema Neeta. "Kanga bila maneno ni kitambaa tu. Shida yangu ni hita. Iko chini ya ule ukuta, na kufikia Jumatatu haya yote yatakuwa yameenda. Chagua moja, uliandike sasa hivi kwa wino wa kudumu. Mengine nitayapitishia pasi. La sivyo siibebi."

"Andika la chai," alisema Asmahan haraka. "Watu wacheke, yaishe."

"Kumbe la chai halikuumi," alisema Mwanakhamis.

"La chini usiliguse. Hayo mengine ni ya mawifi. Lile ni la nyumba."

Mwanakhamis alichukua kalamu ya brashi. Wino wake ukishaingia katika karatasi ile hautoki. Aliandika kwa herufi kubwa, bila kuharakisha: KWANGU SI KWENU.

"Kaka yangu angekuona," alisema Asmahan.

"Kaka yako ndiye aliyeniachia nyumba."

Asmahan alizipanga sambusa ngumu katika mfuko, akaziacha kumi na moja zilizolainika, akaondoka bila kuaga, akapanda basi la mjini na kisha la Kingstanding. Neeta aliomba pasi, akafuta mistari iliyobaki, akaipeleka kanga Kings Heath kwa gari na kuitundika alasiri ileile. Mwanakhamis aliswali adhuhuri, kisha akawapigia simu wanafunzi wake kumi, mmoja mmoja, kuwapa anwani ya chumba kipya.