Betri Juani

Niliiona juu ya bati la jiko, kando ya pilipili nilizoanika, imevimba kama andazi. Betri ya simu! Nilipiga ukelele nadhani Ikoni nzima walinisikia.

"Mama, umefanya nini?"

Mama mkwe wangu Koultoumi, Mungu amrehemu, hakushtuka hata kidogo. "Imeisha nguvu. Nimeianika." Mawe ya redio yake, zile betri kubwa, kule Mutsamudu alikuwa akiyaanika miaka nenda rudi, yakipata moto anasikiliza taarifa ya habari.

Alikuja kututembelea wiki moja tu, mimi na mwanawe Nadhoim. Mara Nzwani, kisiwa chao, kikajitenga, meli zikazuiwa, akabaki kwangu miezi. Binti yake Bouchra alikuwa Hombo, huko huko kisiwani, na mimba ya kwanza, siku zake zimetimia, na namba aliyoijua ni ya simu hiyo tu. Umeme nao ulikuwa umekatika. Wanasema nilikuwa na hasira asubuhi ile. Hasira wapi! Nilikuwa naogopa. Nilimpenda Bouchra.

Nikamkokota mama wa watu hadi soko la Volo Volo, kwa fundi simu Moindjié.

Fundi aliishika betri kwa ncha za vidole. "Koko, bibi yangu, hii si ya redio. Dawa ya ndani ikipigwa na jua inachacha, inajaa hewa. Ukiichaji itawaka." Akaifukia kwenye ndoo ya mchanga. Kisha akaifungua simu: vijino vya shaba vimeota kutu ya kijani, maana Koultoumi aliiweka kifuani, jasho na mafuta ya nazi humo humo. Akavisugua kwa raba, akapachika betri nyingine yenye chaji.

Njia nzima ya kurudi mkwe wangu alinipa mgongo. Nami nimenuna; nani aanze?

Simu ililia tukikuna nazi. Aliikodolea macho tu. Ikabidi niibonyeze mimi, nikamwekea sikioni, na sikio langu nikalibandika papo hapo.

"Mama, ni msichana! Tuko salama. Ila ana manjano kidogo. Hospitali wanasema si kitu, lakini naogopa."

Koultoumi alishusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi. Mwanike juani, mwanangu. Jua la asubuhi." Akanitupia jicho. "Na usimsahau huko akavimba, wifi yako atapiga kelele."

Nilicheka, nikajikuta nalia. Yeye akavuta mbuzi, akaendelea kukuna nazi.